Jina la Mama Ndani ya Seva

Nyakasimbi, Karagwe
3 Juni 2024

Dada yangu Uwiduhaye,

Salamu kutoka huku kwenye ukungu. Naandika kwa kalamu kama tulivyokuwa tukiandikiana wewe ukiwa bweni na mimi nimebaki nyumbani, na mwandiko wangu umeharibika, utanivumilia. Ningekupigia simu, lakini ofisi yangu imetengwa kwa mbao tu. Upande wa pili anakaa mhasibu, na hata nikikohoa ananipa pole.

Kuna jambo la hapa hospitali linanisumbua na sina wa kumuuliza ila wewe. Unaijua seva yetu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuitunza. Ni kompyuta moja ya chuma, programu inaigawa kuwa mashine pepe tatu, na kila moja inafanya kazi kana kwamba iko peke yake. Ya kwanza ina mafaili ya wagonjwa, ya pili ina stoo ya dawa, ya tatu ina picha za eksirei. Nilizitenga kama ulivyonielekeza, hakuna inayochungulia kwa mwenzake.

Baada ya Pasaka wafadhili walituletea kadi ya kupachika ndani ya seva. Inasoma picha za kifua na kusema kama kuna dalili za kifua kikuu. Fundi wao aliipachika mwenyewe akaikabidhi kwa ile mashine ya eksirei. Daktari Rwegoshora, mganga mkuu wetu, ana furaha mno. Zamani picha zilingoja mtaalamu atoke Bukoba. Sasa mgonjwa anapata jibu kabla hajafunga vifungo vya shati.

Lakini tangu kadi ije, mashine ya eksirei inatuma vitu nje kwa mtandao hata siku ambayo hakuna aliyepigwa picha. Jumapili chumba kimefungwa, watu wote wako kanisani, yenyewe inatuma tu. Inatuma nini?

Mama yako nilimwona juzi, anakusalimu sana. Alikuwa amejifunga kilemba kipya cha kijani, kimempendeza. Anasema mtandao wa Bugomora ni mbovu, ndiyo maana simu zenu zinakatika upesi.

Ni mimi ndugu yako,
Egbert

*

Arusha
10 Juni 2024

Kaka Egbert,

Bahasha yako ilikuwa inanuka moshi wa jikoni. Niliinusa kabla ya kuifungua, wenzangu kazini wakanicheka.

Hapa pia kuna ndizi na kuna kahawa, na watu wanashangaa nikisema nimekosa ndizi. Si hizi. Nakumbuka jikoni kwa mama yako, Mama Agnetha, kule Chonyonyo, mwaka ule nilioletwa kwenu ili niwe karibu na shule. Sikujua kumenya ndizi mbichi. Nilijipaka utomvu mpaka kwenye nyusi, na yeye akanifuta kwa mafuta bila kunisema. Mwezi kama huu kahawa ilikuwa imeanikwa uani, tunafanya hesabu huku tunafukuza kuku kwa kijiti. Ukikosea hesabu unamlaumu kuku. Sijui kwa nini nayakumbuka haya wakati umeniuliza habari ya kadi.

Sasa sikiliza. Kuta ulizojenga kati ya mashine zako zinazuia programu isiingie kwa jirani. Kadi haipiti kwenye kuta hizo. Kadi ya namna hiyo inasoma na kuandika kwenye kumbukumbu ya seva moja kwa moja, bila kupitia kichakataji, ule ubongo wa kompyuta, na hapo ndipo inapopata kasi yake. Kumbukumbu ni ile ile moja, na mashine zako zote tatu zimelala humo. Kinachoiwekea kadi mpaka ni kinga nyingine iliyo ndani ya chuma chenyewe, nayo huwashwa kwenye mipangilio ya mwanzo, kabla seva haijaanza kufanya kazi. Kama imezimwa, kadi inaweza kusoma faili la mgonjwa yeyote, na mashine yenye mafaili isijue kabisa.

Tumezoea kumwogopa mwizi anayekuja kwa mtandao. Kifaa tulichokipachika kwa mikono yetu hatukiulizi kitu.

Angalia kama kinga imewashwa. Kisha nasa hicho kinachotumwa nje, kihifadhi kwenye flashi, unitumie kwa basi. Usikipitishe kwenye mtandao wa hospitali.

Halafu, Egbert: mama ana nini? Si mtandao. Kila nikimpigia anasema ana ugeni.

Dada yako,
Uwiduhaye

*

Nyakasimbi
17 Juni 2024

Dada,

Kinga imezimwa. Nimekumbuka kwamba ni yule fundi aliyeizima mbele yangu. Ikiwa imewashwa kadi ilikataa kufanya kazi, akaniambia hayo ni mambo ya kizamani, yanapunguza kasi tu. Nilimshikia tochi.

Flashi nimempa kondakta wa basi la Arusha pale Omurushaka, nimeifunga ndani ya pakiti ya kahawa ya kwetu. Kahawa ni yako. Sijamwambia Daktari Rwegoshora mpaka tuwe na uhakika, maana Ijumaa alisimama kwenye kikao akasema kadi hii ndiyo mkombozi wa hospitali yetu.

Mama yako ni umri tu. Anachoka mapema siku hizi. Usiwe na wasiwasi.

Egbert

*

Arusha
24 Juni 2024

Egbert,

Nimeifungua flashi kwenye kompyuta ambayo haijaunganishwa popote. Nianze na kazi.

Kadi inachota vipande vya kumbukumbu ya seva nzima, na programu iliyokuja nayo inavituma kwa waliotengeneza, ikiviita ripoti za hitilafu. Inawezekana ni uzembe, inawezekana ni wizi. Kwa mgonjwa ni mamoja. Nilikuta kwanza picha za vifua, na hizo nilizitarajia. Kisha nikakuta majina ya dawa za stoo yenu. Kisha mafaili ya wagonjwa, majina na vijiji, na aliyeandikiwa dawa gani. Itoe kadi leo. Mwonyeshe Daktari barua hii.

Kama mnataka irudi, irudi kwa masharti, na nimeyaandika yote kwenye karatasi niliyoambatisha. Kwa kifupi, washeni kinga, kadi ipewe eneo dogo tu la kumbukumbu. Picha inakiliwa humo bila jina la mtu, kadi inaweka jibu humo humo, na mashine pepe inalikagua jibu kabla ya kulipokea, maana kifaa kinachoiba kinaweza pia kudanganya. Mashine ya eksirei ifungiwe njia zote za kutoka nje. Programu ya kadi itagoma. Nimeandika namna ya kuirekebisha. Itakuwa ya polepole kuliko sasa. Kubalini.

Sasa la pili.

Katikati ya mafaili nilikuta jina Dusabe Nshimiyimana, Bugomora. Chini yake niliona mstari mmoja kabla macho yangu hayajaelewa yanasoma nini: "Mwanza, amemaliza dawa mzunguko wa tatu." Faili liliendelea. Lilikuwa refu, Egbert. Nikaifunga kompyuta nikatoka nje, nikasimama kwenye maegesho kama mtu aliyesahau gari lake, nami gari sina.

Sikusoma zaidi. Nilitaka. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini riziki yangu ni kuwazuia watu kusoma yasiyowahusu, na mama hakuniambia mimi, alimwambia daktari. Yale yote nimeyafuta.

Wewe ulijua. Kilemba cha kijani! Na wewe ukaniandikia kwamba kimempendeza.

Niambie, au mwambie yeye aniambie. Sitampigia simu mpaka nipate jibu lako.

Uwiduhaye

*

Nyakasimbi
1 Julai 2024

Dada yangu,

Kadi iko kwenye droo yangu, imefungwa kwa kufuli.

Nilimpelekea Daktari barua yako, nikiwa nimekunja sehemu ya mwisho. Alisoma amesimama. Akaniuliza, "Egbert, unajua ni watu wangapi tumewawahi tangu kadi hii ije? Wangekuwa wanakohoa nyumbani mpaka leo."

Nikamwambia, "Najua, Daktari. Na majina yao yameshatoka nje ya nchi."

Alivua miwani. Akasema, "Itoe." Kisha akasema kwamba wagonjwa wataambiwa, na atawaambia yeye mwenyewe, mmoja mmoja.

Kuhusu mama, nilijua tangu Januari. Alikuja hapa kutoka Bugomora, safari yote ile, ili majirani wasijue, na kwa sababu nipo mimi. Alipofika dirisha la mapokezi akakataa kutaja jina lake. Karani akadhani hasikii vizuri. Nilipoitwa, mama akanivuta pembeni akaniambia jambo ambalo sijui kama amewahi kukuambia. Alipokuwa msichana ng'ambo ya mto, katika nchi ya jirani, watu walikuja nyumbani kwao na orodha, wakasoma majina. Kaka zake walikuwemo, na hawakurudi. Tangu siku hiyo hapendi jina lake likae mahali asipopaona.

Nikamwambia, "Mama, seva hii naitunza mimi. Faili lako ataliona daktari, basi." Akaniamini, akataja jina. Na akanipa sharti lake: Uwiduhaye asijue mpaka yaishe. Nilibeba ahadi mbili, dada, ya kulinda jina lake na ya kukuficha, zote kwake yeye, nikakusahau wewe. Hasira yako ni haki.

Jumamosi nilipanda pikipiki mpaka Bugomora. Nilimkuta uani anageuza kahawa kwa mkono mmoja, ule mwingine anauchunga. Nilimpa shikamoo, nikakaa chini pembeni ya mkeka, nikamweleza yote: kadi, majina, flashi, na kwamba uliliona jina lake ukaacha kusoma. Sikujua atafanya nini. Aligeuza kahawa mpaka akafika mwisho wa mkeka.

"Kwa hiyo mashine imemwambia mwanangu kabla yangu," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Na yeye akafunga macho?"

"Alifunga kompyuta, mama."

Akacheka kidogo, nikaona machozi. Akasema, "Huyo ni wa baba yake. Celestin alikuwa akinipokelea barua kutoka kwa dada zangu, ananiletea haijafunguliwa, anakwenda kukaa nje mpaka nimwite." Kisha akamwita Evaresta, binti wa jirani, alete karatasi. Barua yake nimeiweka humu. Sijaisoma.

Egbert

*

Bugomora, Kyerwa
29 Juni 2024

Mwanangu Uwiduhaye,

Anayeandika ni Evaresta, anayesema ni mimi mama yako. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambie.

Egbert kaniambia ulikuta jina langu ukaacha kusoma. Umefanya vizuri. Basi yaliyobaki nakusomea mwenyewe.

Ni titi la kushoto. Nilikuta uvimbe wakati wa kuoga, baada ya msimu wa senene mwishoni mwa mwaka, nikadhani ni jipu. Daktari Rwegoshora akanipeleka Mwanza, huko wakasema ni saratani, lakini nimewahi. Wananiwekea dawa kwa mshipa. Nikirudi nalala kama mtoto, chakula kinanuka chuma. Nywele zimeondoka. Usicheke, kichwa changu ni kizuri kumbe, mviringo kama cha bibi yako. Mwezi wa nane wanakata.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungeacha kazi siku ile ile. Nilikuona ulivyopanda basi la kwenda Arusha, hukugeuka nyuma, na mimi nilimwomba Mungu usigeuke, maana ningekuita urudi. Nilitaka nikuambie nikiwa nimepona, iwe habari ya zamani. Nilitaka uje Krismasi unikute nina nywele.

Kwenye simu nilikuwa nakata upesi kwa sababu sauti yako inanifanya nisahau kudanganya.

Evaresta ananiuliza kama na hilo aandike. Ndiyo, andika.

Kuhusu hiyo mashine iliyochukua jina langu, nimeshikwa na hofu. Sitakudanganya tena. Nilimwambia Egbert kwamba sitarudi pale. Kisha nikafikiri: wale wa zamani walikuja kimya, hakuna aliyetangulia kuja kutuonya. Huyu kijana kapanda pikipiki, kaja, kakaa chini, kaniambia usoni. Nitarudi. Lakini mwambie akaze hizo kuta.

Njoo, mwanangu. Siyo kuacha kazi. Omba ruhusa tu, njoo twende wote Mwanza. Nilisema naweza peke yangu, na siwezi.

Mama yako,
Dusabe

*

Nyakasimbi
22 Julai 2024

Dada Uwiduhaye,

Barua hii nampa mtu wa kahawa anayekuja Bugomora, nimesikia umefika salama. Sitaki uache kitanda cha mama kwa ajili ya seva, kwa hiyo nakueleza kila kitu, usije.

Nilifuata karatasi yako mstari kwa mstari. Kinga niliiwasha kwanza, seva ikaamka bila kadi, nikahakikisha. Kisha nikaipachika. Programu yake iligoma kama ulivyosema. Nilirekebisha, ikagoma tena, nikagundua nimeipa eneo dogo kuliko picha yenyewe, nikajicheka. Jioni ya Alhamisi ilisoma picha ya kwanza.

Na hapo hapo, dada, seva ikaanza kuandika kwenye skrini: kadi imejaribu kufikia eneo lisilo lake, imekataliwa. Ikajaribu tena, imekataliwa. Mistari ikashuka mpaka ikajaza skrini. Nilimwita Daktari Rwegoshora. Aliangalia kwa muda, akauliza, "Hii yote ni yeye anatafuta?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Tangu Pasaka alikuwa anaingia tu." Akavuta kiti akakaa, na hakutaja tena habari ya kasi. Sasa mgonjwa anapata jibu akiwa ameshavaa shati, amekaa kwenye benchi, ameanza kuuliza. Tunaishi nayo.

Wafadhili wamejibu kwa niaba ya waliotengeneza kadi. Wanaomba radhi, wanasema ripoti zote zimefutwa huko zilikotumwa. Hatuna namna ya kuhakikisha, na Daktari anawaambia wagonjwa hivyo hivyo. Wengi wamesikiliza, wameshukuru kuambiwa. Mwalimu mmoja wa Chonyonyo hakushukuru. Alidai faili lake, akatoka nalo kwapani, na kliniki yake hajarudi. Nilimfuata nyumbani, hakunifungulia. Nitakwenda tena.

Mama yangu Agnetha anakutumia mafuta ya utomvu, anasema utajua mwenyewe ni ya nini.

Egbert

*

Mwanza
15 Agosti 2024

Kaka Egbert,

Nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, naandika ili mikono ipate kazi. Mama ameingizwa asubuhi. Alikataa kiti cha magurudumu mpaka nesi alipomwambia ni sheria. Akakaa, amenyooka kama mtu anayepelekwa harusini.

Nikwambie nilichokipata Bugomora. Nilidhani nakwenda kumuuguza. Yeye alikuwa na mambo ya kusema, yaani kama mtu aliyengoja nafasi. Kila siku baada ya chakula tulikaa kwenye migomba nyuma ya nyumba, pale kwenye kivuli, akanisimulia. Kaka zake, majina yao, mmoja alivyokuwa akipiga mluzi. Jinsi alivyovuka mto, jinsi baba alivyomkuta analima kibarua Nkwenda akamcheka anavyoshika jembe. Mimi nimekua nikijua tu kwamba mama alitoka ng'ambo. Nilikuwa sijawahi kuuliza, nikidhani kutouliza ndiyo heshima. Siku moja nilimwambia hivyo. Akasema, "Nilikuwa nasubiri uulize, na wewe unasubiri nikuambie. Tungezeeka hivyo."

Nilimuuliza kama niyaandike. Akafikiri sana. Akasema, "La. Yashike kichwani kwanza."

Nimeyashika. Hapa kwenye benchi nayarudia, na kila jina linakuja na sauti yake. Nakumbuka pia vitu vidogo nilivyovipita bila kuviona: alivyokuwa akinisuka nje mlangoni akiimba lugha ambayo sikuifuata, akinigeuza kichwa kwa vidole viwili. Ningekaa pale tena, hata wiki nzima, niumizwe na kitana.

Sina hasira nawe. Nilikuwa nayo mpaka Singida, basi likaharibika pale, tukakaa juani, nikajiuliza ni nani mwingine angekuwa anamshika mkono mama miezi yote ile. Kazini wamenipa ruhusa. Nikirudi nitamalizia kitabu cha maelekezo ninachowaandikia mafundi wa hospitali ndogo. Wapo wengi kama wewe, wanashikilia tochi huku wengine wanazima kinga.

Mlango umefunguka. Ni daktari. Naacha hapa.

*

Nimerudi. Ni alasiri.

Wametoa uvimbe wote. Daktari anasema ulikuwa umesinyaa sana kwa zile dawa, na kwapani hakuona kitu. Dawa zitaendelea, kurudi huku Mwanza kutaendelea. Ila alinishika bega akatabasamu, na nilimwona si mtu wa kutabasamu ovyo.

Mama ameamka sasa hivi. Amefungwa bandeji mpaka shingoni, midomo imekauka, kichwa hakina hata unywele. Amenitazama muda mrefu, nikainama nisikie neno lake la kwanza.

Amesema, "Wewe mtoto, mbona umekonda hivyo?"

Dada yako,
Uwiduhaye